Dawa Iliyofaulu Kila Mtihani

Mchakachuaji hahangaiki na kitu cha bei rahisi. Huchanganya petroli na mafuta ya taa kwa sababu riziki yake imo katikati ya zile bei mbili. Ndiyo maana Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikapandisha tozo ya mafuta ya taa mwaka 2018: kila serikali kwa njia yake ilikuwa inapambana na mwanya wa bei. Kisa hiki ni cha mwanya kama huo, ila haukuwa kwenye sheli. Ulikuwa ndani ya dawa ya sindano, na waliolipa gharama ni wagonjwa waliolala wameunganishwa na mashine.

Dawa yenyewe inaitwa heparini. Mtu aliyewahi kulazwa kwa bonge la damu mguuni, aliyefunguliwa kifua kwa upasuaji wa moyo, au anayekwenda kusafishwa damu baada ya figo kushindwa kazi, yamkini ameipata. Damu ikitoka mwilini na kupita kwenye mipira ya mashine huanza kuganda, na heparini ndiyo inayoizuia mpaka irudi mshipani. Iligunduliwa mwaka 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean. Kijana huyo alikuwa anatafuta kitu cha kugandisha damu. Akakutana na kinyume chake.

Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba heparini ni sukari. Si ile ya kwenye chai. Ni mnyororo mrefu wa sukari za namna mbili zinazopokezana, na kwenye pingili zake vimebandikwa vikundi vya salfeti hapa na pale. Ndani ya mnyororo huo kuna mahali penye pingili tano zilizopangwa kwa namna maalumu. Hizo tano hushika protini ya damu iitwayo antithrombini na kuiamsha ifanye kazi ya kuzuia mgando. Katikati ya hizo tano, kwenye kaboni namba 3 ya pingili ya tatu, pana salfeti moja ambayo ikikosekana mshiko wote hulegea. Salfeti moja tu. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini kuitengeneza heparini kuanzia mwanzo ni kazi ngumu, na kwa nini kwa miaka mingi hakuna kiwanda kilichoitengeneza hivyo. Waliichuma kwa wanyama: mwanzo maini ya mbwa, baadaye mapafu ya ng'ombe na utumbo wa nguruwe. Kichaa cha ng'ombe kilipoitia Uingereza hofu katika miaka ya 1990, ng'ombe wakaachwa Marekani na Ulaya, akabaki nguruwe peke yake. Na karibu nusu ya nguruwe wa dunia wako China.

(Mgonjwa Mwislamu wa Tanga au Lamu anastahili kuelezwa asili hii ya dawa kabla ya sindano. Wapo wanazuoni wengi wanaoiruhusu kwa dharura, lakini hilo si sababu ya kumficha.)

Kwa hiyo ikawa hivi. Utumbo wa nguruwe ulikwanguliwa ute wake katika karakana ndogondogo za vijijini, nyingine za familia moja, kisha ute ukapikwa na kuchujwa. Kilichopatikana kiliuzwa kwa wakusanyaji, wakusanyaji wakauza kwa viwanda, viwanda vikasafisha na kusafirisha ng'ambo. Dunia ilikuwa inahitaji takribani tani 100 za heparini kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilipita mikononi mwa watu ambao daktari wa Marekani asingeweza kuwataja hata mmoja. Mwaka 2006 na 2007 ugonjwa wa nguruwe unaoitwa wa masikio ya bluu ukasambaa China na kuua wanyama wengi mno. Utumbo ukaadimika. Bei ya heparini ghafi ikapanda, na mwanya ukafunguka.

Novemba 2007, katika hospitali moja ya watoto mjini St. Louis, jimbo la Missouri, watoto waliokuwa kwenye mashine ya kusafisha damu walianza kubadilika hali dakika chache baada ya kuunganishwa. Uso ulivimba kuzunguka macho, moyo ukaenda mbio, presha ikaporomoka. Hospitali ilitoa taarifa kwa mamlaka Januari 2008, na zilipoanza kuulizwa hospitali nyingine, ikaonekana kwamba St. Louis haikuwa peke yake. Wagonjwa wengi walikuwa wametumia heparini ya kampuni ya Baxter, iliyokuwa ikitosheleza karibu nusu ya soko la Marekani. Katikati ya Januari Baxter ikaanza kurudisha baadhi ya makundi ya dawa hiyo. Mwisho wa Februari ikarudisha karibu yote. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, baadaye ilihesabu vifo 81 vilivyoshukiwa kuhusiana na dawa iliyochafuliwa. Uchafu huohuo ulikutwa katika nchi 11, zikiwamo Ujerumani, Japani na China yenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo linalonikera zaidi katika kisa hiki. Dawa ile ilikuwa imepimwa. Haikupenya kwa magendo wala kwa cheti cha kughushi. Ilipita mlangoni, mchana, na karatasi zake zote zimekamilika. Kipimo rasmi cha nguvu ya heparini wakati ule kilikuwa cha kutia dawa kwenye plazma ya kondoo na kuangalia kama plazma itachelewa kuganda. Ikichelewa kwa kiwango kinachotakiwa, dawa imefaulu. Kipimo kilikuwa kinauliza swali moja: je, kitu hiki kinafanya kazi ya heparini? Hakikuuliza kama kitu hicho ni heparini.

Aliyechakachua aliijua tofauti ya maswali hayo mawili. Alichukua kondroitini salfeti, ambayo nayo ni mnyororo wa sukari, hupatikana kwa wingi kwenye gegedu za wanyama, na huuzwa madukani kama kirutubisho cha viungo vya magoti. Yenyewe ilivyo haizuii damu kuganda kwa nguvu ya maana. Akaipika kwa kemikali ikajazwa salfeti kila mahali palipokuwa na nafasi, mpaka kila jozi ya sukari ikabeba salfeti nne. Kitu kama hicho hakijapata kuonekana kwa mnyama yeyote. Lakini kilikuwa na chaji hasi nyingi kama heparini, kilichelewesha plazma kuganda kiasi cha kuridhisha, na kwa bei zilizoripotiwa wakati ule gharama yake ilikuwa kama sehemu moja kwa mia ya bei ya heparini ghafi. Katika sampuli nyingi alikichanganya kati ya asilimia 5 na 20.

Hilo la salfeti nne ndilo linaloondoa uwezekano wa bahati mbaya. Utumbo mchafu unaweza kuleta mabaki ya kondroitini ya kawaida. Hauwezi kuleta hii. Lazima awepo mtu mwenye pipa, asidi na elimu ya kemia.

Kazi ya kukigundua kitu hicho ilifanywa na wanasayansi walioitwa na FDA kutoka vyuo kadhaa: Ram Sasisekharan wa MIT, Robert Linhardt wa Taasisi ya Rensselaer huko Troy, New York, na Waitaliano wa Taasisi ya Ronzoni mjini Milano, miongoni mwa wengine. Walitumia mashine yenye sumaku kali ambayo hupiga molekyuli kwa mawimbi ya redio na kusikiliza viini vya atomi vinavyojibu. Watu wa maabara huiita NMR. Heparini hutoa kilele kidogo mahali penye alama ya 2.04 kwenye mizani ya mashine hiyo. Sampuli zilizodhuru watu zilikuwa na kilele cha pili, kwenye 2.16. Umbali kati ya vilele hivyo ni upana wa ukucha kwenye karatasi ya grafu, na mtu mwenye haraka angeupita akidhani ni kelele za mashine.

Vimeng'enya navyo viliitwa kutoa ushahidi. Vipo vimeng'enya vya bakteria ambavyo kazi yake ni kukata heparini vipandevipande, na hukata hiyo na jamii yake ya karibu tu. Ukivitia kwenye dawa safi, mnyororo wote husagika. Ukivitia kwenye dawa iliyochakachuliwa, sehemu inasagika na sehemu inabaki nzima. Vile vya kukata kondroitini ya kawaida navyo vilishindwa, kwa sababu ile jozi yenye salfeti nne havikuwahi kuumbiwa. Plazma ya kondoo ilidanganyika, kimeng'enya kikakataa.

Matokeo yalichapishwa Aprili 2008, na pamoja nayo maelezo ya jinsi sumu ile ilivyofanya kazi: iliamsha mfumo wa damu unaotengeneza bradikinini, kemikali inayotanua mishipa, presha ikashuka ghafla. Walithibitisha kwa kuwadunga nguruwe.

Upande wa usimamizi haukuwa na sifa zaidi. Kiwanda kilichosafisha malighafi kilikuwa Changzhou, mkoa wa Jiangsu, kikimilikiwa kwa sehemu na kampuni ya Wisconsin iitwayo Scientific Protein Laboratories. FDA ilikuwa imekiruhusu bila kukikagua, na sababu waliyoitoa wenyewe ni kwamba walikichanganya na kiwanda kingine chenye jina linalofanana. Walikwenda kukikagua Februari 2008, watu wameshakufa. Kesi za fidia zilifunguliwa Marekani. Aliyepika ile kondroitini hakuwahi kutajwa mahakamani kwa jina.

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa cha polisi na wezi. Kwangu sehemu yenye mafunzo ni kile Linhardt alichoendelea kukifanya baada ya upelelezi, kwa sababu alikuwa amekwisha kukianza kabla yake. Pamoja na Jian Liu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alikuwa anauliza swali la mbali zaidi: kwa nini dawa ya sindano itoke kwenye utumbo tusioujua? Kwa nini isijengwe pingili kwa pingili, mjenzi akijua kila alichokiweka?

Wanakemia walikuwa wamejaribu kwa njia ya kawaida, na hawakushindwa. Dawa iitwayo fondaparinuksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ni zile pingili tano maalumu zilizotengenezwa kwa kemia tupu. Lakini tazama gharama ya jasho. Kila sukari ina mikono kadhaa ya haidroksili inayofanana, na kemikali ya kubandika salfeti haijui mkono upi ni upi. Mwanakemia hulazimika kufunika mikono asiyoitaka, kubandika, kufunua, kufunika mingine, kubandika tena. Hatua zilifika 50 hivi, na mwisho wa safari mavuno yalikuwa takribani asilimia 0.1 ya alichoanza nacho.

Kimeng'enya hakihitaji kufunikiwa kitu. Ni protini yenye mfuko wa umbo maalumu. Sukari huingia kwa upande mmoja tu, na mkono unaofika penye kazi ni ule unaotakiwa. Seli za mwili wako zinafanya hivyo muda huu, bila moto na bila asidi kali, ndani ya maji ya joto la mwili. Linhardt na Liu walichukua jeni za vimeng'enya hivyo, wakazipandikiza kwenye bakteria wa maabara, wakavuna vimeng'enya na kuvipanga kwa zamu. Cha kwanza hurefusha mnyororo, sukari moja baada ya nyingine. Kingine hubandika salfeti kwenye naitrojeni. Kingine hugeuza kaboni namba 5 ya pingili ya asidi, ili sehemu moja ielekee upande wa pili. Kisha salfeti ya kaboni 2, ya kaboni 6, na mwisho kabisa ile ya kaboni 3 ambayo bila yake antithrombini haishikiki.

Zamu hizo hazibadilishwi ovyo. Kimeng'enya cha kugeuza kina tabia ya kugeuza na kurudisha, kugeuza na kurudisha, mpaka kile kinachofuata kibandike salfeti kwenye kaboni 2. Hapo pingili hufungwa ilipo. Ukitanguliza salfeti hiyo kabla ya kugeuza, pingili haigeuki tena, na huna namna ya kurekebisha ila kuanza upya. Mwaka 2011, katika jarida la Science, walitangaza minyororo miwili ya pingili saba kila mmoja, iliyotengenezwa kwa hatua 10 na 12, kwa mavuno ya asilimia 45 na 37. Molekyuli zote ndani ya chupa zilifanana. Heparini ya nguruwe, hata iliyo safi, ni mchanganyiko wa minyororo ya urefu na mpangilio mbalimbali. Hii ya vimeng'enya unaweza kuichora kwenye ubao.

Hapo ndipo watu hupenda kushangilia, na hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Gramu za maabara na tani 100 za hospitali ni vitu viwili. Salfeti haibandikwi yenyewe. Hubebwa na molekyuli ghali iitwayo PAPS ambayo huharibika upesi, na timu hiyo ililazimika kubuni njia ya kuijaza tena na tena kwa kimeng'enya kingine ili isiwafilisi. Bakteria wanaotoa vimeng'enya wana sumu kwenye kuta zao ambayo ikipenya kwenye sindano huleta homa na mshtuko, hivyo usafishaji hauna mzaha. Na kimeng'enya kikichoka katikati ya kazi, baadhi ya minyororo hutoka na salfeti pungufu, mchanganyiko ukarudi kwa mlango wa nyuma. Anayesema kwamba vimeng'enya vitatuondolea haja ya kupima hajaelewa kilichotokea St. Louis. Faida yake ni kwamba kila hatua ina jina, na kila hatua inaweza kusimamishwa na kupimwa kabla ya inayofuata. Karakana ya kukwangua utumbo haikuwa na nafasi hiyo.

Haraka ya kutafuta njia nyingine haijapungua. Agosti 2018 homa ya nguruwe ya Afrika ilitangazwa China kwa mara ya kwanza, na ndani ya mwaka mmoja idadi ya nguruwe nchini humo ilianguka vibaya. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, na daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery, mwaka 1921, baada ya kuua nguruwe wa walowezi. Karne moja baadaye virusi vyenye asili kwa ngiri wa Afrika vilitia wasiwasi ugavi wa dawa ya figo na moyo ulimwenguni. Sijui mfano bora wa hatari ya kuegemeza dawa ya lazima kwa mnyama mmoja wa nchi moja.

Baada ya 2008 vitabu rasmi vya viwango vya dawa, vya Marekani na vya Ulaya, vilibadilisha mtihani. Leo mzalishaji wa heparini lazima aonyeshe NMR na vipimo vya kutenganisha minyororo, si kuchelewesha mgando peke yake. FDA ilifungua ofisi China mwezi Novemba mwaka uleule. Mambo hayo ni mema, ila yamejibu ujanja uliokwisha kufanyika. Mwaka huohuo wa 2008, China hiyohiyo, watoto wachanga waliugua kwa maelfu kwa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini, kwa sababu kipimo cha protini kilikuwa kinahesabu naitrojeni na melamini imejaa naitrojeni. Mwaka 2022, Gambia ilizika watoto wapatao 70 baada ya dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na kiyeyushi chenye sumu. Mwanya mpya, mtihani uleule wa zamani.

Kwa hiyo, wewe mfamasia wa wilaya, mnunuzi wa bohari ya dawa, mkaguzi wa bandarini Mombasa au Dar es Salaam: cheti cha uchambuzi kikifika mezani kwako, usiishie kwenye safu ya matokeo iliyoandikwa "imefaulu". Soma safu ya njia ya upimaji. Uliza kipimo hicho kinatambua kitu chenyewe au kinatambua kazi yake tu, na uliza malighafi ilitoka kwa nani kabla ya kiwanda kilichosaini. Muuzaji akikwambia swali hilo halijawahi kuulizwa na mteja mwingine, liandike, kisha mpe barua ya kulijibu kabla mzigo haujashushwa.